Barua ya 1980

Wandugu, huku Fizi tunapenda kuhadithia maquis ya Kabila: 1967, PRP, bunduki milimani. Barua ya wabunge 13 hatuizungumzii sana. Novemba 1980, Tshisekedi na wenzake walimwandikia Mobutu barua ya wazi, zaidi ya kurasa 50, wakimweleza namna utawala wake unaharibu inchi. Walikuwa wana-MPR (nani hakuwa? Ulikuwa unazaliwa tayari mwanachama). Hawakushika bunduki, wala hawakukimbia ng'ambo. Walikamatwa. 1982, baadhi yao wakaunda UDPS.

Leo mwanafunzi wa Kilembwe akiuliza juu ya barabara ao mishahara ya walimu, anajibiwa: "Wewe uko upande wa nani?" Mwaka jana hata mimi nilimwuliza mwenzangu hivyo.