Ng'ombe wa chuma wa Karagwe: Sanamu zilizobeba nguvu za mfalme

Ukitaja sanamu za kale, wengi huwaza China na lile jeshi la udongo la mfalme Qin Shi Huang, lililogunduliwa na wakulima mwaka 1974 wakichimba kisima karibu na Xi'an. Kumbe hata huku Songambele, kwenye nchi iliyokuwa ya ufalme wa Karagwe, kulikuwa na sanamu za kifalme. Tofauti ni kwamba hizi ni za chuma na shaba.

Nani aliziona?

Makao ya mfalme, yaani Omukama, yalikuwa Bweranyange. Wazungu Speke na Grant walifika huko mwaka 1861 wakapokelewa na Omukama Rumanyika. Mwaka 1876 akaja Stanley, naye akaandika kuwa alionyeshwa nyumba ya hazina yenye mabata wa shaba na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Hazina hiyo ilijulikana pia kwa mikuki, nyundo na ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu.

Zilikuwa za kazi gani?

Hazikuwa mapambo tu. Ng'ombe ndiye alikuwa utajiri, na aliyegawa ng'ombe alipata wafuasi. Chuma nacho kilitoa jembe la kulimia na mkuki wa kulinda nchi. Mfalme mwenye ng'ombe wa chuma alionyesha kwamba vyote viwili viko mkononi mwake. Nyundo ilikuwa alama ya utawala, na simulizi humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mhunzi hodari.

Ujuzi wenyewe ni wa zamani sana. Mkoani Kagera watu waliyeyusha chuma kwa mkaa na mivukuto zaidi ya miaka 2000 iliyopita.

Zikaishia wapi?

Wakoloni walipoingia, baadhi ya kazi hizi zilipelekwa makumbusho ya Ujerumani. Kisha mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa Tanganyika, na waliokuwa walinzi wa vitu vya kifalme wakabaki bila cheo.

Leo hatari iko karibu zaidi: mnunuzi wa chuma chakavu hulipa kwa kilo, hajali kama nyundo ni ya babu au ya mfalme. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda urithi huu, na hauruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Kwa hiyo ukikuta chuma cha ajabu shambani au kwenye nyumba ya wazee, usikimbilie mzani. Waulize wazee kwanza, kisha toa taarifa serikalini.