Kinga ya Mwanamke wa Shambani, Mombasa Bara

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mashamba ya nafaka na minazi ya Kisauni, Changamwe na Likoni yalilimwa kwa sehemu kubwa na watumwa, wake kwa waume, ambao mabwana wao wengi walikaa kisiwani. Kwa kuwa bwana alikuwa ng'ambo ya maji, amri ya kila siku shambani ilishikwa na msimamizi pamoja na nokoa, yaani mnyapara aliyegawa ngwe za kulima na kupalilia, na kijakazi aliyekuwa na shida alilazimika kuipeleka kwa watu hao hao.

Sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani ilimruhusu bwana kumfanya kijakazi wake suria, yaani mtumwa anayelala naye pasipo ndoa, na ridhaa ya mwanamke haikuwa sharti. Hata hivyo iliweka mipaka, kwani suria aliyemzalia bwana mtoto hakuuzwa, naye akawa huru bwana alipofariki, ilhali kijakazi aliyeozwa mume alikuwa haramu kwa bwana wake. Mipaka hiyo ilikuwa na uzito, lakini kinga yake ilitokana na mume au mtoto, wala haikuwa haki ya mwanamke juu ya mwili wake mwenyewe.

Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society walianzisha Frere Town huko Kisauni, makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, ambao wenyeji waliwaita mateka. Kengele iliyopigwa kuwaonya wakazi juu ya hatari ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake, na kwa wanawake wengi waliofikishwa hapo ilikuwa mara ya kwanza tangu kutekwa kulima pasipo kuwa mali ya mtu.

Serikali zilikwenda polepole zaidi. Amri ya Zanzibar ya 1897 ya kuondoa utumwa iliwaacha masuria nje mpaka 1909, na Mombasa yenyewe ilisubiri mpaka 1907. Kuachwa huko hakukuwa kusahau: watawala waliogopa kugusa nyumba za waungwana, na gharama ya woga huo ikabebwa na wanawake.

Baada ya utumwa kazi ya jembe ilibaki kwa maskwota na vibarua, na karibu karne nzima ikapita kabla Kenya haijautaja unyanyasaji wa kingono kazini katika sheria. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 ilimlenga mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kwa matakwa ya kingono asiyoyataka, kwa adhabu isiyopungua miaka 3 jela au faini isiyopungua shilingi 100,000. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 6, ikamtaka mwajiri awe na sera ya maandishi inayoeleza jinsi ya kulalamika na kuficha jina la mlalamikaji, ila wajibu huo unamhusu mwenye wafanyakazi 20 au zaidi pekee. Kibarua anayepalilia na wenzake wawili watatu, na ambaye kazi ya kesho inategemea neno la mnyapara, yuko nje ya sharti hilo, kama suria alivyoachwa nje ya amri ya 1897. Bunge lina wajibu wa kukiondoa kiwango hicho cha 20, na vyama vya wafanyakazi visingoje Bunge kuwafikia wanawake hao mashambani.