Anayemtunza mzee msahaulifu naye anatunzwa na nani?

Jua likianza kushuka, mama mkubwa huvaa buibui lake, akakaa barazani na kuomba apelekwe kwao Takaungu, mamake anamngoja. Mama huyo alizikwa kabla mimi sijazaliwa. Dada yangu, bintiye anayeishi naye hapa Kibarani, humjibu kwa upole mara ya kwanza. Ikifika mara ya ishirini sauti imeshapanda, na baadaye utamkuta chumbani analia peke yake. Makala haya ni ya huyo aliye chumbani. Hali ya mgonjwa huulizwa na kila apitaye njia, yeye haulizwi.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuita dimenshia. Ni jina la kundi la maradhi yanayoharibu ubongo polepole, na linaloongoza ni lile lililopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyelieleza mwaka 1906. Mengine hutokana na kiharusi na mishipa iliyochoshwa na presha au sukari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nao, wengi wao katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Shirika hilo hilo linasema asilimia 70 ya saa za kuwatunza wagonjwa hawa hubebwa na wanawake. Hapa kwetu hilo halihitaji mtafiti. Hesabu tu ni nani anayefua mashuka.

Huku Kilifi mlezi ana mzigo ambao vitabu vya Ulaya havitauandika. Mzee anayetembea usiku, anayezungumza peke yake, asiyemtambua mpwawe na kumtazama kwa macho makali, ataambiwa ni mchawi. Wazee wameuawa katika kaunti hii kwa tuhuma hizo, na kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la waliofukuzwa makwao. Basi familia huogopa, zikaficha. Mlango hufungwa, na anayefungiwa ndani na mgonjwa ni mlezi. Harusi haendi, msibani haendi, jirani akibisha hodi huambiwa mama amelala.

Nasi tulificha, karibu mwaka mzima. Kisha usiku mmoja mama mkubwa alitoka, akakutwa amesimama ua wa watu bila kujua yuko wapi. Dada alipofika mbio, neno "mchawi" lilikuwa limeshatamkwa na vijana walikuwa wameanza kukusanyika. Alhamdulillahi, mzee mmoja pale alimjua. Asubuhi yake tulikwenda kwa mzee wa mtaa, kwa imamu, na kwa vijana wa bodaboda pale stejini, tukasema wazi: mama ni mgonjwa wa kusahau, mkimwona mleteni nyumbani. Tangu hapo amerudishwa mara mbili, mara moja amepakiwa kwenye pikipiki akicheka. Na dada akaanza kulala, kwa sababu macho ya kumlinda mamake hayakuwa tena mawili tu.

Wakati wa magharibi ndio mgumu zaidi. Wengine hudhani ni jini, maana ndiyo saa yenyewe, lakini ni jambo linalojulikana kwa wagonjwa wengi wa aina hii: mwanga ukipungua, mtu amechoka, hangaiko huzidi. Washa taa mapema. Usibishane naye kuhusu aliyekufa, kwa kuwa kila ukimwambia atapokea msiba upya. Dada siku hizi husema, "Haya, tunywe chai kwanza," humshika mkono hadi langoni, wakarudi. Mara nyingi Takaungu husahaulika njiani. Kadhalika sala. Mama mkubwa huswali adhuhuri mara tatu au nne, na dada alikuwa akimkatiza, wakagombana. Ustadhi alitueleza kwamba aliyepotewa na akili hana wajibu wa sala wala saumu, na kama kuswali kunamtuliza aachwe. Ugomvi mmoja ukapungua nyumbani.

Lakini akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, usiseme ni ugonjwa ule ule. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au dawa mpya vinaweza kumvuruga mzee kabisa, na vinatibika. Mpeleke hospitali.

Sasa nije kwa ndugu, na hapa najisema na mimi. Walioko Mombasa na Dubai hutuma pesa kwa simu, wakahisi wameshalea. Pesa zina kazi yake. Hata zile shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo Inua Jamii huwapa wazee waliofika miaka 70 hazinunui nepi za mtu mzima za kutosha. Ila pesa hazikai na mgonjwa saa nane za usiku. Dada alipoanguka kwa presha, ndipo tulipoketi tukagawana siku badala ya michango. Mimi nilichukua Jumamosi mchana na usiku. Usiku wa kwanza niliamshwa mara tano, na kufikia alfajiri nilimjibu mama mkubwa kwa ukali ambao sijawahi kumtolea mtu mzima. Nikatoka nje, nikatawadha, nikakaa mpaka mikono ilipoacha kutetemeka. Kabla ya hapo nilikuwa nikimnasihi dada awe na subira.

Mlezi akihisi mkono unataka kuinuka, amwache mgonjwa mahali salama atoke chumbani kwa dakika chache. Aende kliniki yake mwenyewe, apimwe presha. Pia atafute wenzake. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga baada ya babake kuugua, huwakutanisha walezi wakazungumza. Hapa mtaani tumegundua nyumba nyingine mbili zilizokuwa zimejifungia kama yetu, na wale akina mama sasa hupigiana simu.

Jumamosi hii ni zamu yangu tena. Dada anakwenda harusini Malindi, na ameshanunua leso mpya.