Sura Zilizopotea: Historia Fupi ya Kubana DVD

Nyumbani kwetu London kuna sanduku la viatu lenye DVD 31. Nyingi ni filamu za marehemu Kanumba na wenzake, zilizoletwa na watu waliotoka likizo. Moja ni ya harusi ya shangazi yangu, Mombasa, 2006. Mwaka jana nilipewa kazi ya kuzitia zote kwenye kompyuta, nyanya aweze kuzitazama bila kungoja mtu wa kumwekea diski. Nikaanza na ya harusi. Faili likawa dogo, picha safi, nikajiona fundi. Siku ya pili nyanya akaniuliza, "Sasa nikitaka kuruka mpaka kwenye kupamba, nabonyeza wapi?" Hapakuwa na pa kubonyeza. Sura zote zilikuwa zimepotea.

DVD ilianza kuuzwa Japani Novemba 1996, na Marekani Machi 1997. Diski ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ya tabaka mbili 8.5. Kabla yake tulikuwa na mkanda, unaourudisha nyuma huku umeshika roho usikwame, na VCD, iliyobeba dakika 74 hivi, basi filamu ndefu ilikatwa katikati. DVD ndiyo iliyotuzoesha sura.

Lakini sura hazimo ndani ya picha yenyewe. Picha na sauti hukaa katika mafaili ya VOB, yasiyozidi gigabaiti moja kila moja. Mipaka ya sura imeandikwa pembeni, katika mafaili madogo ya IFO. Mimi nilikuwa nimenakili VOB tu, nikazibana mojamoja. Ni sawa na kuchukua kurasa za kitabu ukaacha orodha ya yaliyomo.

Sikuwa wa kwanza. Studio za filamu zilitia DVD zao kufuli liitwalo CSS. Mwaka 1999 Jon Lech Johansen, kijana wa Norwe wa miaka 15, pamoja na wengine, alitoa DeCSS, programu ya kulifungua. Alishtakiwa kwao, akaachiwa huru Januari 2003, na tena Desemba mwaka huohuo baada ya rufaa. (Umri wa miaka 15 mimi nilikuwa bado sijui kubadilisha betri ya rimoti.) Karibu na wakati huohuo Mfaransa Jérôme Rota alichokonoa kodeki ya Microsoft, ikazaliwa DivX. Filamu nzima ikaenea kwenye CD ya megabaiti 700. Ila ilihifadhiwa katika faili la AVI, muundo wa 1992 usiokuwa na mahali maalumu pa kuandika sura. Miaka kadhaa watu walibana filamu wakazitupa sura bila kujali. Shida yao ilikuwa nafasi.

Nafuu ilianza Desemba 2002 kwa Matroska, muundo wa faili uliopewa jina kutokana na wanasesere wa Kirusi wanaoingiana. Humo picha, sauti, maandishi na sura hukaa pamoja. Mwaka 2003 Eric Petit aliandika HandBrake, kwanza kwa ajili ya mfumo wa BeOS, na mwaka huohuo kiwango cha H.264 kikakamilika. Toleo la 1.0 la HandBrake lilitoka tarehe 24 Desemba 2016, baada ya miaka 13! Hapa Uingereza sheria nayo iliyumba: Oktoba 2014 mtu aliruhusiwa kunakili kwa matumizi yake binafsi kitu alichonunua, na Julai 2015 Mahakama Kuu ikaitengua ruhusa hiyo. Kwa maoni yangu ile ya 2014 ndiyo iliyokuwa na akili. Harusi yetu, bahati nzuri, haikuwa na kufuli wala studio.

Nikarudia kazi. Safari hii niliipa HandBrake diski nzima, nikahakikisha kisanduku cha sura kimewekewa alama. Gigabaiti 4.1 zikawa chini ya moja, na sura 14 zikarudi. Zilirudi kwa namba tu. DVD haitunzi majina ya sura. Yale tuliyozoea kuyaona yamechorwa kwenye picha ya menyu, na menyu HandBrake haiichukui.

Majina ilibidi niyaandike kwa mkono, nyanya kando yangu na chai yake. Sura ya 9 mpiga video aliiita "Wageni". Nyanya akakataa katakata. "Wageni gani? Hao ni watu wa Lamu, na hilo ni vugo. Andika vugo." Nikaandika. Ya 11 ikawa kupamba. Ya 12 ni dakika nne za wanawake wakicheka jikoni, na wawili kati yao hakuwakumbuka. Akasema niiache na namba yake mpaka shangazi apige simu Ijumaa.