Kulevywa na bahari: mambo ya kujua kabla ya kupanda boti
Ukipanda boti ya Unguja au Pemba msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, utawajua wasafiri wazoefu kwa viti wanavyovikimbilia: katikati ya chombo, ghorofa ya chini. Hawakosei. Mbele na juu ndiko mnakorushwa zaidi.

Kichefuchefu huja kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo ambao macho hayauoni. Basi weka simu mfukoni, utazame nje, mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Usisafiri na njaa, wala usijaze tumbo kwa vitu vya mafuta. Mkate mkavu au ndizi vinatosha. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu.

Dawa ya kuzuia kutapika imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya safari. Ukishaanza kutapika haikai tumboni. Nyingi huleta usingizi, kwa hiyo ukishuka usiendeshe pikipiki. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe promethazini, hata kama jirani wa kiti anakugawia kwa wema: inaweza kumdhoofisha pumzi. Mjamzito aulize kliniki kwanza.

Aliyetapika anywe maji ya ORS kidogo kidogo. Kwa kawaida hali hii hutulia saa chache baada ya kushuka. Ukitapika hadi siku ya pili, ukapata homa au mkojo ukawa haba, usiisingizie bahari. Nenda kituo cha afya upimwe malaria, na mwanamke apimwe pia ujauzito.