Ruhanga na mwenye ikulu

Ukikutana na mtu aitwaye Byaruhanga, iwe Kayanga au Nkwenda, jua kwamba wazazi wake walikiri kitu kizito: vyote ni vya Ruhanga. Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa hulitumia jina Ruhanga kwa Mungu pamoja na Wahaya, Wanyankole na Wanyoro. Mzizi wake ni kitenzi okuhanga, yaani kuumba. Kiswahili nacho kilipita njia hiyo kilipopata Muumba kutokana na kuumba. Waganda, kwa okutonda, wakapata Katonda.

Kinachonivutia zaidi ni hiyo ru- ya mwanzo. Tunaikuta pia katika majina ya watawala, kama Ruhinda, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ukoo wa kifalme wa Karagwe, na Rumanyika, aliyempokea mpelelezi Mwingereza Speke mwishoni mwa 1861. Masikioni mwangu ina uzito wa sifa ambao neno letu Muumba halina.

Omukama ni habari nyingine. Hicho kilikuwa cheo cha mfalme wa Karagwe aliyeketi Bweranyange, kabla waumini hawajaanza kumwita Mungu kwa neno hilohilo kanisani. Msidhani ni ajabu ya Kagera peke yake: Mola, tulilolitoa katika Kiarabu, nalo lilimaanisha bwana mwenye watu chini yake.

Jina jingine la Mungu, Kazoba, lina jua ndani yake, izoba. Hata hivyo, anayelitaja si lazima awe analiabudu jua, kama ambavyo sisi tukisema “mbingu zinajua” hatuyasemeshi mawingu.