Masika katika Njia ya Wapagazi

Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora, na kutoka huko hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, ilisafiriwa kwa miguu, na bidhaa zake zilichukuliwa na wapagazi, yaani wabeba mizigo wa kulipwa, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Masimulizi ya biashara hiyo huwatukuza wenye mali na wageni wa Ulaya waliofuata nyayo zao, ilhali majira ya safari yalipangwa na mvua, na walioijua mvua hiyo vizuri zaidi ni wapagazi, ambao nyumbani kwao walikuwa wakulima.

Unyamwezini mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo mpagazi alihitajika shambani kwake. Ndiyo sababu misafara ya Wanyamwezi wenyewe iliteremka pwani wakati wa kiangazi na kujitahidi kurejea kabla ya kilimo kuanza. Pwani nako masika, yaani mvua kubwa, huanguka kati ya Machi na Mei. Mwenye haraka aliyeondoka katika miezi hiyo aliona wapagazi ni adimu na njia imefurika, kama alivyoona mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, ambaye aliwasili Unguja Januari 1871, akahangaika kutafuta watu Bagamoyo, na kundi lake la mwisho likaondoka tarehe 21 Machi. Alipofika mbuga ya Mkata, tambarare iliyoko kabla ya Kilosa, alikuta maji yametanda. Punda walikwama topeni, wakubwa kwa wadogo wakashikwa na homa na kuhara, naye hakuingia Tabora hadi mwezi Juni.

Uzito wa siku ya mvua unaeleweka zaidi ukitazamwa mzigo wenyewe. Mtumba, neno ambalo leo limebaki kwa nguo kuukuu zitokazo ng'ambo, lilikuwa jina la robota la nguo lililofungwa kwa kadiri ya nguvu za mtu mmoja, yaani kilo 30 hivi. Ndani yake mlikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichopata jina lake kwa kuwa kililetwa kutoka Marekani, na kaniki, kitambaa cheusi cha Kihindi. Nguo hizo ndizo zilizokuwa fedha ya njiani: kwazo ilinunuliwa posho, yaani chakula cha kila siku, na kwazo ililipwa hongo, ushuru waliotoza watawala wa Ugogo. Basi mtumba ulioloa ulimwelemea mpagazi kwa maji uliyoyanywa, na usipofunguliwa na kuanikwa mara jua litokapo, uliota ukungu, na mali ya msafara ikaoza ikiwa bado njiani.

Hata hivyo, si haki kuihesabu mvua kuwa adui tu. Mgunda Mkali, pori lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi, lilihofiwa kwa ukame wake, na aliyelivuka madimbwi yakiwa yamejaa alisalimika na kiu, ambayo wapagazi waliiogopa kuliko tope. Kupima neema na hasara hizo ilikuwa sehemu ya kazi ya kirangozi, mkuu wa njia aliyetangulia mbele ya msafara, naye kwa kawaida alikuwa mpagazi mwenzao.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikaikomesha kazi ya wapagazi katika njia hiyo. Lakini haikuepuka nguvu ya mvua: baada ya Kilosa wajenzi wake walilifuata bonde lilelile la mto Mkondoa ambalo misafara ilikuwa imelichagua, na mafuriko yaliyoanza Desemba 2009 yaliibomoa reli hiyo kati ya Kilosa na Gulwe.